Hilux 3L imefanyiwa ovaholi na bado inachemsha kupanda Kalinzi. Nimekosea wapi?

Mpakia Ndizi

Wakuu, habari za jioni. Niko Gungu, Kigoma. Naomba mnisome hadi chini kabla ya kuniandikia "uza", maana hilo mke wangu ameshalisema na simjibu.

Gari ni Hilux LN106, injini 3L, dizeli ya cc 2,779 isiyo na turbo. Asubuhi napakia saruji, soda au mabati, napanda Mwandiga, Kalinzi hadi Manyovu, jioni narudi na ndizi. Wenyeji wanaijua ile njia. Unaanzia karibu na ziwa, mita 770 na ushee, unakwenda kutokea kwenye mashamba ya kahawa. Kushuka na ndizi hata mtoto anashuka. Kupanda na saruji ndiko kulikonimaliza.

Mwaka jana mwezi wa nane mshale wa joto, ambao siku zote ulikuwa unatulia chini kidogo ya katikati, ukaanza kutembea kila nikifika mlimani. Fundi wa mtaani akatoa themostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kwenda kwenye rejeta, akaitupa kwenye boksi la vyuma chakavu. "Huku kwetu joto, hiki kidude ni cha nchi za baridi." Nikamwamini. Nikaendelea kupanda kwa mtindo wa kusimama, kufungua boneti na kumwagia rejeta maji ya dumu kila safari.

Siku ya siku, gia ya pili, mifuko 20 ya saruji nyuma, mshale uko juu. Mara ukashuka wenyewe hadi chini kabisa. Wakuu, nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikakanyaga mafuta. Dakika tatu hazikufika injini ikaanza kugonga, ikazima. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba maji yalishaisha, na ile sensa ikiwa haigusi maji haina cha kupima.

Nilipochomoa kijiti cha oili, nilichokiona ni chai ya maziwa: maji yameingia kwenye oili.

Kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, kabla ya kufungua ilikuwa hivi (kilo kwa sentimita ya mraba): 24, 16, 17, 25. Kitabu cha injini kinataka 32, na mwisho wa uvumilivu ni 20. Gasketi kati ya block na hedi ilikuwa imeungua katikati ya silinda ya pili na ya tatu, unaingiza ukucha. Hedi, yaani kichwa cha injini, imepinda. Ikapelekwa karakana ikapleniwa. Silinda zikachongwa kwenda ovasaizi ya milimita 0.50, pistoni na ringi mpya, kranki ikasagwa 0.25, bearing zote mpya, wota pampu mpya, taimingi belti mpya. Spea nyingine ziliagizwa Gerezani, Dar, zikaja na basi. Milioni mbili na ushee.

Nimeiendesha tupu kilomita 600, mjini na Ujiji, safi kabisa. Jana nimepakia mzigo wa kwanza, nusu tu ya kawaida. Kabla ya kufika Kalinzi mshale ule ule, pale pale. Safari hii nimezima mapema, nikageuza na kushuka. Sijalala.

Injini mpya inachemshaje?

Kaka Reli

Uza.

Utani mkuu. Ila ushauri wangu wa kweli, achana na 3L. Tafuta 5L ya mtumba Dar, cc 2,986, inakaa pale pale. Unahangaika na chuma kimeshapikwa.

Binti Ujiji

Pole sana kaka. Hapo kwenye kumshukuru Mungu nimecheka halafu nikajisikia vibaya. Na mimi nina pikapu, nimekaa hapa nisubiri mafundi.

Fundi wa Cheyo

Mwangaluka wakuu. Niko Tabora, hizi injini za L (2L, 3L, 5L) nimezifungua nyingi kuliko nilivyofungua chupa za soda.

Mpakia Ndizi, kwanza pole. Pili niruhusu niseme jambo litakalokuudhi. Umetibu majeruhi, aliyempiga hujamkamata. Hedi haipindi kwa hiari yake. Gari lilichemsha mwezi wa nane, hedi ikapinda baada ya hapo. Kwa hiyo kilichochemsha kilikuwepo kabla, na kwenye orodha yako ya ovaholi sijaona neno rejeta hata mara moja.

Kaka Reli, hiyo 5L ukiifunga kwenye rejeta ile ile itapikwa ile ile, tena itaiva haraka kwa sababu inatoa joto zaidi.

Nijibu haya:
- Ile themostati ilirudishwa?
- Kava la feni lipo? Ile pete kubwa ya plastiki inayozunguka feni, imeshikana na rejeta.
- Unajaza maji gani?
- Gasketi mliyofunga ilichaguliwa vipi?
- Barabara ya tambarare, spidi 80, inachemsha?

Mpakia Ndizi

Shukrani fundi. Themostati haikurudi. Kava sijawahi kuliona tangu ninunue gari. Maji ni ya ziwa, nachota Kibirizi nikienda kuchukua dagaa. Gasketi nimeletewa ya 3L, imeandikwa 3L kwenye boksi. Tambarare haichemshi hata nikipiga hadi Uvinza.

Fundi wa Cheyo

Majibu yako matatu kati ya hayo yananitosha kulala bila wasiwasi, ila twende taratibu.

Nianze na gasketi maana ndiyo ya kukutisha. Gasketi za 2L na 3L zinakuja kwa unene tofauti. Pistoni ikifika juu kabisa inachungulia kidogo juu ya uso wa block, na kiasi inachochungulia ndicho kinachokuambia uchukue unene upi. Ukipleni block ukaweka nyembamba, pistoni inaweza kuigonga hedi. Ukiweka nene mno, kompresheni inapungua na injini inakuwa nzito kuwaka asubuhi. Boksi kuandikwa 3L hakutoshi.

Kabla ya kufungua chochote fanya kipimo cha bure. Asubuhi, injini ya baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji hadi shingoni, washa. Tazama shingoni. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa, yanaisha. Mapovu yasiyoisha, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, huo ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Halafu zima, iache ipoe, funga kifuniko, washa tena, shika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja, wakati maji bado ni ya baridi, gasketi au hedi ina ufa. Maji ya baridi hayana presha.

Na angalizo kwa wanaosoma: injini ya MOTO usifungue kifuniko. Nina kijana hapa gereji alifungua, ana alama hadi leo kuanzia kiwiko.

Mtu Mzima 62

Vijana hamjambo. Nimeendesha malori ya mzigo kuanzia Tabora hadi Kibondo enzi za vumbi, themostati tulikuwa tunatoa siku gari linapofika na halikuchemsha. Fundi asimlaumu mwenzake kwa hilo.

Maji ya ziwa ndiyo nayakataa. Sisi tulikuwa na pipa la maji ya mvua nyumbani kwa ajili ya gari tu, ole wake mtoto achote.

Fundi wa Cheyo

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu, ila kwa hizi L naomba nikupinge kidogo.

Malori mengi ya zamani themostati ilikuwa ni mlango mmoja tu: ukiutoa, maji yanapita wakati wote, basi. Ya L ina milango miwili kwenye kidude kimoja. Ikiwa baridi, mlango wa kwenda rejeta umefungwa, ule wa njia fupi ya kurudi kwenye injini uko wazi. Ikipata moto, wa rejeta unafunguka na kile kisahani cha chini kinaziba njia fupi. Ukiitoa yote, njia fupi inabaki wazi maisha yake yote. Maji nayo hupenda mkato, sehemu yake inazunguka ndani ya injini bila kuliona rejeta. Mjini hutaona. Mlimani, unapohitaji kila tone lipite kwenye rejeta, utaona. Toyota wenyewe wameandika kwenye vitabu vyao vya ufundi kwamba usiitoe hata kama gari linachemsha.

Mtu Mzima 62

Marahaba. Miaka 30 sikuchemsha. Lakini nimesoma.

Mpakia Ndizi

Wakuu, nimefanya kipimo leo saa 12 asubuhi na mtoto akinimulikia tochi. Mapovu yalikuja kama dakika mbili, yakaisha. Nimekanyaga mafuta, hakuna kitu. Mpira wa juu umebaki laini, unabonyea kama ndizi mbivu, hadi injini ilipopata joto.

Nimepumua. Na fundi aliyefunga injini nimempigia kuhusu gasketi, anasema alipima kwa saa ya kupimia kabla ya kuchagua, na alama aliyoiona ameiandika kwenye daftari. Nimemwomba radhi moyoni.

Fundi wa Cheyo

Huyo fundi mshike. Sasa shusha rejeta.

Kipimo ni hiki: ziba tundu la chini kwa kiganja, jaza maji juu hadi shingoni, achia kwa ghafla. Yanatakiwa kuporomoka yote kwa kishindo. Uone yako.

Binti Ujiji

Fundi samahani, kabla hajarudi. Kwa nini kwake inachemsha mlimani tu na si barabara ya Uvinza? Kule anakimbia zaidi.

Fundi wa Cheyo

Swali zuri dada. Ukiwa spidi 80 upepo wa safari unajiingiza wenyewe kwenye rejeta, feni hata ikilala hutajua. Mlimani uko gia ya pili, spidi 20, mafuta yamekanyagwa hadi chini. Injini inatoa joto lake lote na upepo wa safari haupo. Hapo unaitegemea feni peke yake. Na feni isiyo na kava inavuta hewa ya pembeni mwake, hewa ile ile ya moto ya chini ya boneti, inaizungusha. Kava kazi yake ni kuilazimisha ivute kupitia rejeta. Mafundi wengi wakilitoa ili wafikie belti hawalirudishi, wanaona ni plastiki ya urembo.

Ukiona gari linachemsha likisimama foleni au likipanda, lakini barabarani liko safi, shuku hewa kwanza: kava, klachi ya feni (kile kinachoishika feni izunguke na injini ikipata moto), uchafu uliojaa kati ya mapezi. Likichemsha kadiri unavyokimbia, shuku maji: rejeta limeziba, mpira wa chini unajikunja, wota pampu. La ndugu yetu naona lina yote mawili.

Mpakia Ndizi

Nimerudi. Kaeni mkao wa kula.

Nimeachia kiganja. Wakuu, maji yalitoka kama bomba la mtaani siku ya mgao. Nimesimama pale nayatazama hadi aibu.

Nikalipeleka kwa fundi rejeta, Mwanga. Bahati ni la shaba, akayeyusha risasi akafungua tangi la juu. Mirija karibu theluthi imezibwa na kitu cheupe, kigumu, kama kile kinachoganda ndani ya birika la nyumbani. Na juu ya kile cheupe kuna vitu vyekundu, virefu, laini, vimelala kwenye midomo ya mirija kama minyoo. Nikadhani ni wadudu. Fundi akacheka, akakivuta kimoja kwa kucha, akakinyoosha: silikoni. Ile gundi wanayopaka kwenye wota pampu na kwenye mfuko wa themostati. Ukipaka nyingi, inayobaki inajikamua upande wa ndani, inakatika, inasafiri na maji, inaishia hapo.

Ya kwenye wota pampu mpya ni ya ovaholi yangu mwenyewe. Nililipia.

Mtu Mzima 62

Maji ya ziwa. Nilisema.

Fundi wa Cheyo

Mzee yuko sahihi kabisa hapo. Ziwa Tanganyika maji yake ni mazuri kwa samaki wa urembo, kwa injini hapana. Yana magnesiamu nyingi na pH yake inakaribia 9. Kila anapochemsha akaongeza, yanayotoka ni mvuke, madini yanabaki. Dumu baada ya dumu. Amepika chumvi kama Uvinza, tofauti ni kwamba yeye anapikia ndani ya rejeta.

Fundi rejeta aingize waya mirija yote, asioshe kwa tindikali peke yake. Na injini nayo ioshwe kabla hujafunga: toa themostati, ingiza maji kwa mpira kinyume na mwendo wa kawaida hadi yatoke masafi. Vinginevyo uchafu wa ndani ya block unahamia kwenye rejeta safi wiki ya kwanza.

Kisha kulanti, dawa ya maji ya rejeta, nusu kwa nusu na maji ya betri (yale yasiyo na madini, si asidi). Najua Kigoma hakuna barafu. Kulanti inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka, barafu ni habari ya wengine. Na rangi si kipimo, soma mgongo wa kopo, usichanganye aina mbili.

Nguruka Boy

Fundi na kile kifuniko cha rejeta kina maana gani? Mimi cha kwangu nimefunga mfuko wa nailoni chini yake, hakivuji.

Fundi wa Cheyo

Ee Mola wangu.

Kile si kifuniko cha sufuria. Ni valvu. Nyingi za Toyota zimeandikwa 0.9 juu, maana yake kinashikilia presha ya karibu kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba kabla ya kuachia. Bila presha, maji huku kwetu yanachemka mapema: Kigoma ni nyuzi 97 hivi, Tabora ambako tuko juu zaidi ni 96. Kwa kifuniko kizima maji matupu yanavuka 115 kabla ya kuchemka. Injini ya dizeli iliyobeba mzigo kufika 100 kwa muda si ajabu. Kwa hiyo kifuniko kibovu kinakuchemshia gari ambalo halina ugonjwa wowote. Kina kivalvu kidogo cha pili cha kurudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba likipoa. Mfuko wako wa nailoni umekiziba, ndiyo maana naamini mpira wako wa juu asubuhi unakuwa umenywea kama umenyonywa.

Nguruka Boy

Umejuaje??

Mpakia Ndizi

Haya, ripoti.

Rejeta limeingizwa waya lote, sasa maji yanaporomoka hadi yamenilowesha viatu. Kava nimelipata kwenye LN106 iliyokufa Kasulu, lina ufa, nimelishona kwa waya. Klachi ya feni: ikiwa moto na injini imezimwa nilikuwa nikiisukuma feni kwa kidole inazunguka raundi nne tano bila kukataa, mafuta yake ya silikoni yalishavujia mbele, kuna alama ya utelezi na vumbi. Kuna aliyenishauri niichomelee ishikane moja kwa moja, nikakataa, nimenunua nyingine.

Themostati mpya imeandikwa 82. Niliijaribu jikoni, kwenye sufuria, na kipimajoto nilichoazima kwa jirani anayetengeneza mtindi. Imetundikwa kwa uzi isiguse chini. Ikakaa kimya, kimya, mke wangu anauliza anapikiwa nini, ilipopita 82 ikaanza kufunguka taratibu kama mdomo wa perege. Ile ya zamani niliifukua kwenye boksi la chakavu nikaijaribu pia. Nzima kabisa. Haikuwa na kosa lolote.

Kujaza maji nako kulinipa kazi. Nimeegesha pua ikitazama mlima, nikajaza polepole injini ikinguruma, nikiminyaminya mpira wa juu. Iligugumia mara tatu na kila mara maji yakashuka. Bila hivyo ningebaki na hewa kwenye hedi.

Baada ya hapo kilomita 300 nyingine tupu, nikamwaga oili ya kwanza, nikapima upya nafasi za valvu injini ikiwa baridi: za kuingiza ziko milimita 0.25, za kutoa 0.45. Kompresheni 31, 31, 30, 31.

Jana, mifuko 20. Nimeazima ile bastola ya kupima joto. Pale pale niliposhukuru Mungu mwaka jana nimesimama, injini inanguruma, nikapima tangi la juu: 91. La chini: 78. Mshale haukusogea. Nimeshuka, nimekaa kwenye jiwe nikanunua muwa, nikala wote.

Kaka Reli

Sasa ndiyo uuze, bei imepanda.

Fundi wa Cheyo

Tofauti ya 13 kati ya juu na chini, rejeta linafanya kazi yake. Ukifikisha kilomita 1,000 kwa oili hii, mwaga tena.

Mtu Mzima 62

Ile themostati nzima ya zamani usiitupe. Nitumie, niifunge kwenye ya kwangu nijionee.

Binti Ujiji

Kaka hongera. Kesho unapanda? Nina mifuko sita inatakiwa Matendo.

Mpakia Ndizi

Saa 12 kamili niko Mwandiga. Sita inaenea.

Binti Ujiji

Nauli?

Mpakia Ndizi

Kopo moja la kulanti. Nakutumia picha ya mgongo wake, usiniletee jingine.